Kuishi bila gari kwenye jiji lenye usafiri mzuri: pima mtandao kwa saa yake mbovu

RatibaMkononi (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Mada ya kuishi bila gari ikiletwa popote, ndani ya dakika tano inakatika pande mbili. Kuna wanaosema gari ni mzigo tu, na kuna wanaosema mtu mzima asiye na gari maisha bado hajayaanza. Naomba uzi huu tuupeleke kwingine. Mimi sina gari, nililiuza kwa hiari yangu, na naishi kwenye jiji ambalo treni, tramu (yale mabehewa ya reli yanayopita barabarani) na mabasi vinafanya kazi inavyotakiwa. Nina jambo moja la kumwambia anayetaka kuuza lake, au anayehamia jiji la namna hiyo na anajiuliza anunue au aache.

Usipime usafiri wa jiji kwa saa mbili asubuhi ya Jumatatu. Saa hiyo kila jiji limetoa kila chombo lilichonacho na treni zinafuatana. Pima Jumapili saa tano usiku, mvua inanyesha, una begi zito, na unatakiwa kuunganisha mara mbili. Ukiona safari hiyo unaimudu, jiji hilo linakufaa kuishi bila gari. Usipoimudu, hata kama asubuhi treni zinapita kila dakika mbili, haitachukua muda utaanza kupekua matangazo ya magari.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi hawanunui gari kwa ajili ya kwenda kazini. Wananunua kwa ajili ya safari chache wanazoziogopa: ya usiku, ya mgonjwa, ya mizigo, ya nje ya mji. Likishanunuliwa kwa hizo chache, linaanza kutumika na kwa zile nyingi, maana liko mlangoni na bima imeshalipwa. Kwa hiyo "kazini nitafikaje" ni swali jepesi. Karibu kila mtandao mzuri unalijibu.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni muda kati ya chombo kimoja na kinachofuata. Treni ikija kila dakika tano, ratiba huihitaji. Unatoka nyumbani ukiwa tayari, basi. Ukifika kituoni bila kuangalia saa, kwa wastani unasubiri nusu ya muda huo, yaani dakika mbili na nusu. Ikija kila nusu saa, wastani ni robo saa, na hapo hujaunganisha. Safari yenye njia tatu za nusu saa nusu saa, ambazo hazikupangwa zikutane, inaweza kukusimamisha dakika 45 bila kusogea. Treni yenyewe hata ikiwa ya mbio kiasi gani, muda huo haurudi.

Mfano ninaoupenda ni Zürich. Wapiga kura wa pale walikataa mara mbili mipango ya kupeleka usafiri chini ya ardhi, mwaka 1962 na mwaka 1973. Jiji likabaki na tramu zake za juu, likaamua kuzipa njia: taa za barabarani zinaitambua tramu inayokuja na kuiachia ipite, magari yasubiri. Wengine wanatumia mabilioni kuchimba mahandaki huku tramu na mabasi yao ya juu yakioza kwenye foleni.

Na nchi yenyewe, Uswisi, mwaka 1982 ilianza ratiba ya kujirudia, treni inaondoka dakika ileile kila saa. Baadaye wakapigia kura mpango mkubwa wa reli, 1987, ambao hatua yake ya kwanza ilikamilika Desemba 2004. Hawakukimbilia treni ya kasi kuliko zote. Walitaka Zürich hadi Bern ichukue chini kidogo ya saa moja, ili treni za kila upande zikutane kituoni karibu kwa wakati mmoja, abiria wavuke kutoka jukwaa moja hadi lingine, kisha ziondoke zote. Mtu aliyewahi kuikosa treni ya kuunganisha kwa dakika moja na kusubiri saa nzima anaelewa thamani ya hesabu hiyo.

Wenye uzoefu wa watoto, wazee, kazi za zamu, tiririkeni. Maswali pia karibu.

---

GiaYaTano

Mkuu nimekusoma, ila mimi bado nasema gari ni uhuru. Naondoka ninapotaka, narudi ninapotaka, sipangiwi na mtu. Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku utasubiri tramu? Halafu hiyo miji mizuri unayoitaja ni ya kuhesabu kwa vidole.

---

RatibaMkononi

GiaYaTano, swali la saa nane usiku ndilo swali lenyewe, asante kulileta mapema.

Miji imelijibu tofauti tofauti. Metro (treni ya ndani ya jiji) ya Copenhagen haina dereva na inatembea saa 24, siku zote. Treni za chini ya ardhi za New York nazo zipo usiku kucha, ingawa usiku mkubwa zinakuja kwa nadra. Vienna iliongeza treni za usiku kucha za wikiendi mwaka 2010, London ikaanza 2016 kwenye baadhi ya njia, Ijumaa na Jumamosi. Lakini Tokyo, ambako sidhani kama kuna anayebishia treni zake, inafunga. Kuanzia kama saa saba usiku hadi kukaribia saa kumi na moja alfajiri hakuna treni ya abiria, na bado mamilioni ya watu wanaishi pale bila gari. Treni ya mwisho ya kituo chao wanaijua kwa kichwa. Ikiwapita, wanapanda taksi.

Na hapo ndipo jibu la homa lilipo. Mtoto aliyezidiwa anaitiwa gari la wagonjwa. Ambaye hajazidiwa anapelekwa kwa taksi, mzazi akiwa amekaa naye nyuma, anamshika kipaji, anamfuta akitapika. Mzazi huyohuyo akiwa peke yake na gari lake, yuko kwenye usukani, macho yanarukaruka kati ya barabara na kioo cha kutazama nyuma. Sidhani kama hilo la pili ni salama zaidi.

Ushauri wangu kwa kila anayeuza gari: tenga mfuko wa taksi. Chukua sehemu ndogo ya fedha ambayo gari lingekula kwenye bima, maegesho, matairi na servisi, iweke pembeni, na ukiitumia usijilaumu. Nimeona watu wanaishi bila gari kama vile wameapa. Kila taksi kwao ni kushindwa. Hao ndio wanaorudi kununua. Usafiri wa umma, miguu, baiskeli na taksi vyote viko upande mmoja.

Kuhusu kuhesabu kwa vidole: New York zaidi ya nusu ya kaya hazina gari. Ndani ya Paris yenyewe asilimia ya kaya zisizo na gari ni kubwa kuliko ya zenye gari. Hong Kong takriban safari tisa katika kila kumi za vyombo vya moto ni za usafiri wa umma. Si kila jiji liko hivi, na sikusema kila jiji. Nazungumzia yale ambayo yako hivi.

---

MamaPacha

Naomba niongeze upande ambao kwenye nyuzi hizi husahaulika. Nina mapacha na kigari chao cha viti viwili. Gari hatuna.

Kila mtu anaisifu metro, mimi naipanda pale tu inapobidi. Napenda tramu na basi la sakafu ya chini, kwa sababu mlango uko karibu usawa na kituo. Naingia mlango wa katikati, nakigeuza kigari mgongo wake uelekee mbele ya basi, ukiegemea ule ubao uliowekwa kwa kazi hiyo, nafunga breki, nashika nguzo. Sekunde chache tumeshatulia. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, kigari kinasukumwa kwenye ubao, watoto hawarushwi.

Metro ni habari nyingine. Kuna lifti ya kutoka barabarani hadi penye mashine za tiketi, kisha kuna ya kwenda jukwaani, na ya pili ina tabia ya kuwa mwisho mwingine kabisa wa kituo. Moja ikiharibika safari imekwisha. Kituo kilichokuwa karibu na tulipokuwa tukiishi zamani, lifti ya upande wa kurudi nyumbani ilikaa mbovu hadi karatasi ya kuomba radhi ikafifia maandishi. Nilikuwa nikipitiliza hadi kituo kinachofuata, navuka, napanda treni ya kurudi nyuma ili nishukie jukwaa la pili ambalo lifti yake ilikuwa nzima. Mvua, watoto wawili, na bado nazunguka.

Miji mikongwe ndiyo migumu zaidi. Treni ya chini ya ardhi ya London ilianza 1863, Paris 1900, New York 1904. Walijenga wakifikiria mtu mwenye miguu miwili mizima na mikono mitupu. New York hadi leo vituo vingi havina lifti. Paris njia namba 14, iliyofunguliwa 1998, inafikika kwa kiti cha magurudumu vituo vyake vyote, wakati njia za zamani ni ngazi juu ya ngazi. Ila mabasi na tramu za hapohapo Paris zinafikika kirahisi.

Kwa hiyo kabla hujauza gari ukiwa na mtoto mdogo, au ukiwa unaishi na mzazi anayetumia kiti cha magurudumu au fimbo, pita njia zako zote ukitazama kitu kimoja tu: lifti. Na jua njia mbadala isiyo na ngazi kabla hujaihitaji.

---

KandoYaReli

Naweka kambi hapa. Uzi wa maana huu.

---

UsukaniMstaafu

Wanangu, nimeendesha basi la mjini sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Naomba niseme jambo ambalo abiria hulisemea vibaya kila siku.

"Nimesubiri dakika ishirini, kisha yamekuja mawili yameongozana." Mnadhani madereva tulikuwa tumekaa mahali tunapiga soga. Mambo huenda hivi. Mabasi yameachana dakika kumi. La mbele linakwama kwenye taa, linachelewa dakika mbili. Likifika kituo kinachofuata linakuta watu wa dakika kumi na mbili badala ya kumi. Wanaopanda ni wengi zaidi, mlango unakaa wazi zaidi, linachelewa tena. La nyuma yake nalo linakuta kituo kina watu wa dakika nane tu, linapakia upesi, linazidi kusogea. Vituo kadhaa mbele yanagusana, la kwanza limejaa hadi mlangoni, la pili watu wamekaa wanasoma. Hakuna aliyekosea pale.

Dawa inajulikana. Mwongozaji anaweza kulishikilia la nyuma kituoni kwa dakika moja, na abiria wa ndani watakasirika, lakini kazi ndiyo hiyo. Dawa kubwa ni njia ya peke yake, kupandia milango yote, na kulipa kabla ya kupanda. Curitiba kule Brazili walianza njia za mabasi peke yake mwaka 1974, meya akiwa Jaime Lerner, ndiyo mwendokasi ya kwanza iliyoigwa duniani. Mwaka 1991 wakaongeza vile vituo vya vioo vyenye umbo la bomba: unalipa ukiingia kwenye bomba, sakafu ya bomba iko usawa na sakafu ya basi, basi likifika milango inafunguka na watu wanaingia kama treni. Bogotá kule Kolombia wakafuata na wao Desemba 2000.

Ukihamia jiji jipya, kabla ya kusoma ratiba, simama kituoni utazame watu wanavyopanda. Wakipita mlango mmoja, mmoja mmoja, kila mtu anasimama mbele ya dereva kutafuta chenji, basi la jiji hilo litachelewa hata barabara ikiwa tupu. Na ukiona basi lililochelewa limejaa, tazama nyuma yake kabla hujajisukuma ndani. Mara nyingi la pili liko kwenye taa zilezile.

---

RatibaMkononi

Mzee UsukaniMstaafu, shikamoo. Hii ni shule.

Nataka niliunganishe hilo na hesabu niliyoiweka juu, maana wanaosoma matangazo ya miji wanahitaji kulijua. Ile nusu ya muda ni pale mabasi yanapokuja kwa mpangilio. Yakija mawili mawili kila dakika ishirini, kwenye karatasi bado ni "kila dakika kumi", kwa sababu kwa saa yamepita sita. Lakini wewe umesubiri kama ya dakika ishirini. Na kwa kuwa pengo refu ndilo linalokusanya watu wengi, abiria wengi zaidi wanaangukia kwenye kusubiri kurefu kuliko kufupi. Ndiyo maana takwimu za jiji zinaweza kuwa nzuri na watu wake wakawa wanalalamika, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

---

UsukaniMstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo umelisema sawasawa.

---

HesabuZaNyumbani

Mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu, niruhusuni niseme la fedha.

Anayemiliki gari anapolinganisha nauli na gari, analinganisha tiketi na mafuta. Hapo gari linashinda mara nyingi, hasa mkiwa wanne ndani. Lakini mafuta ni sehemu moja ya gharama. Bima, kodi, maegesho ya nyumbani, na thamani inayopungua kila mwezi hata likiwa limelala, vyote hivyo umelipa tayari, uliendeshe usiliendeshe. Kwa wastani gari la mtu binafsi linakaa limeegeshwa kama asilimia 95 ya maisha yake. Ndiyo maana anayeumia zaidi ni wa katikati: ana gari na ana tiketi ya mwaka, analipa mifumo miwili. Akili inamwambia anaokoa mafuta. Fedha anayoiokoa kweli inaanza siku gari linapoondoka kabisa, au familia ya magari mawili inapobaki na moja. Hilo la mwisho watu wanalidharau na ndilo rahisi kuliko yote.

Upande wa tiketi, mfano maarufu ni Vienna. Kuanzia 2012, kwa zaidi ya miaka kumi, tiketi ya mwaka mzima ya jiji ilikuwa euro 365, yaani euro moja kwa siku. Ukishainunua, safari inayofuata haina bei, na hilo linabadilisha tabia: unapanda tramu vituo viwili kwa sababu tu viatu vinabana. Luxembourg wameenda mbali zaidi, tangu 29 Februari 2020 usafiri wa umma nchi nzima ni bure isipokuwa daraja la kwanza la treni. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ni bure kwa wakazi waliojiandikisha tangu 2013. Ila msidanganyike na neno bure. Nauli ya bure peke yake haiwatoi watu kwenye magari yao. Mwenye gari hakuwa anaikimbia nauli, alikuwa anakimbia kusubiri. Mkinipa mimi fungu moja nichague kati ya kufuta nauli na kuongeza mabasi ya usiku, naongeza mabasi.

Kuna na upande wa kulifanya gari lilipe nafasi linayoichukua. Japani, tangu sheria ya 1962, mwenye gari lazima athibitishe ana mahali pa kuliegesha nje ya barabara, na polisi ndio wanatoa cheti. Singapore tangu 1990 unanunua kwanza kwa mnada haki ya kuwa na gari, inadumu miaka kumi, na kuna nyakati hati hiyo imekuwa ghali kuliko gari lenyewe. London inatoza kuingia katikati ya jiji tangu 2003, Stockholm walijaribu 2006 na kuifanya ya kudumu 2007, New York wakaanza Januari 2025.

---

KijanaWaKuhama

Wakuu, natarajia kuhama miezi ijayo, jiji lenye metro na mabasi. Nyumba zilizo karibu na metro kodi iko juu. Niende mbali kidogo nipate nafuu, au nibane karibu na kituo? Sina mke wala mtoto bado.

---

RatibaMkononi

Mdogo wangu, hapa ndipo uamuzi wote ulipo. Mtu anachagua nyumba kwanza, kisha anatafuta kituo, kisha baada ya miezi anasema usafiri wa jiji ni mbovu. Jiji ni lilelile, yeye ndiye amekaa ulimi wa mwisho wa njia moja.

Nikichagua nyumba leo naangalia hivi. Kwanza, njia mbili zisizotegemeana. Metro na tramu, au treni na basi lisilopita kwenye daraja lilelile. Siku metro inasimama, na itasimama tu, wenzako wote wako nje wanagombania taksi na wewe unatembea hadi upande wa pili. Nyumba yenye njia mbili za wastani naichukua mbele ya nyumba yenye njia moja nzuri sana.

Pili, kutembea kwenyewe. Tembea kutoka kituoni hadi mlangoni baada ya giza kuingia, peke yako, kabla ya kusaini chochote. Ramani itakuambia ni dakika nane. Haitakuambia kwamba tano kati ya hizo ni kando ya ukuta mrefu usio na taa, au kwamba kuna barabara ya njia sita ambayo taa ya waenda kwa miguu inakupa sekunde chache kisha inakuacha katikati. Dada zetu wataelewa hili haraka kuliko mimi.

Tatu, soma ratiba ya Jumapili, usisome ya siku za kazi. Kwenye kituo chenyewe huwa imebandikwa, safu ya mwisho kulia au ukurasa wa nyuma. Ukiona safu hiyo ina namba chache chache zilizoachana, hapo hata kodi ikiwa nafuu fikiri mara mbili.

Kuhusu kodi, jumlisha kodi na gharama ya kwenda kila mahali, usitazame kodi peke yake. Nyumba ya mbali inayokulazimisha kuwa na gari si ya bei nafuu. Ila usilipie metro tu kwa kuwa ni metro. Basi la kila dakika sita lenye njia yake linaweza kukufaa sawasawa, na nyumba za kando ya basi mara nyingi kodi yake haijapanda bado.

Ukipenda kusoma zaidi, angalia mtaa wa Vauban, Freiburg, Ujerumani. Nyumba nyingi pale hazina maegesho mlangoni. Mwenye gari ananunua nafasi kwenye jengo la maegesho pembezoni mwa mtaa. Maana yake gari na tramu viko umbali unaofanana kutoka mlangoni, na tramu mara nyingi iko karibu zaidi. Watoto wanacheza barabarani.

---

KijanaWaKuhama

Nimekuelewa kaka. Hilo la njia mbili sikuwahi kulifikiria. Na mizigo? Kabati, kitanda, manunuzi ya mwezi?

---

MamaPacha

Mdogo wangu, manunuzi ya mwezi yenyewe yanaletwa na gari. Una buti, unajaza buti. Usipokuwa nalo unanunua kidogo kidogo ukiwa njiani kurudi, kwa sababu kituo na duka viko pamoja. Nunua kitoroli cha kukunja chenye magurudumu makubwa, madogo hukwama kwenye pengo la treni. Vitu vizito, maji, sabuni, unga, agiza viletwe mlangoni. Kitanda na kabati ni mara moja kwa miaka, kodi gari la mizigo na dereva wake.

---

GiaYaTano

Nimerudi. Nimesoma yote na sitaki kubisha kwa kubisha. Mimi naingia kazini saa kumi alfajiri, eneo la viwanda, nje ya mji. Basi la kwanza linafika pale saa kumi na mbili. Na mabegi ya zana ninayobeba hayaingii kwenye tramu. Mnaniambiaje mimi?

---

RatibaMkononi

Nakuambia baki na gari lako, ndugu yangu, na nalisema kwa moyo wangu wote. Ulipimwa kwa kipimo kilekile na mtandao ukashindwa, si wewe. Fundi mwenye zana, muuguzi wa zamu ya alfajiri, msafisha ofisi anayeingia kabla ya treni ya kwanza: ratiba nyingi zilipangwa kwa mtu wa ofisi anayeingia asubuhi na kutoka jioni, na jiji likijigamba kuwa halihitaji magari huku likiwasahau hawa, linajigamba bure. Wapangaji waje wakae kwenye kituo cha eneo la viwanda saa tisa na nusu usiku.

Ila ona na hili. Barabarani, kila gari linaloongezeka linakuchelewesha wewe. Kwenye njia ya basi mambo yanaweza kwenda kinyume: abiria wakiongezeka, kampuni inaongeza mabasi, na yakiongezeka mabasi, kila abiria anasubiri muda mfupi zaidi, hata yule wa zamani. Mwanauchumi Herbert Mohring aliieleza hesabu hiyo mwaka 1972. Kwa hiyo sisi tukipanda, tunakuachia barabara wewe mwenye zana, na tunampunguzia kusubiri aliye kituoni. Siku ukitoka zamu ya alfajiri, rudi kwenye uzi huu.

---

GiaYaTano

Hapo tumeelewana mkuu. Na mke wangu ana gari lake, yeye anafanya kazi mjini. Labda hilo la pili ndilo la kujadili nyumbani.

---

HesabuZaNyumbani

Ndilo hilo hasa.

---

KandoYaReli

Swali langu la mwisho. Nje ya mji je? Milimani, kijijini kwa jamaa, pwani. Hapo ndipo mimi hukwama.

---

RatibaMkononi

Inategemea nchi kuliko jiji. Uswisi yale mabasi ya njano ya posta yanapanda hadi vijiji vya milimani na yanasubiri treni ifike ndipo yaondoke, kwa hiyo unashuka treni na basi liko pale pale. Uholanzi unashuka kituoni na kukodi baiskeli palepale kwa kadi ileile ya usafiri. Penginepo treni inakufikisha mji mdogo na hapo ndio mwisho wa habari. Kwa safari hizo mimi nakodi gari au natumia gari la kushiriki, lile la chama ambalo unalichukua kwa saa na kulirudisha. Kodi la kutosha, siku za kutosha, furahia.

Na kabla ya kuuza, jaribu hivi: mwezi mzima funguo zikae kwa ndugu. Andika zile safari tu ambazo hukuweza kuzifanya, au ulizifanya kwa taabu. Zilizokwenda vizuri usiziandike. Orodha ikiwa fupi na kila mstari una jibu la taksi, la kukodi au la kusogeza saa, uza. Ikiwa ndefu, angalia kama shida ni jiji au ni nyumba uliyopanga.

Ukishauza, leseni usiiache ikafa. Ihuishe kwa wakati, na uendeshe mara mojamoja, kwa sababu kampuni nyingi za kukodisha na vyama vya magari ya kushiriki wataitaka kabla ya kukupa funguo.